IBN BATTUTA: MSAFIRI ALIYEOGOPA BAHARI

  Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya wafalme na mashujaa wa vita. Mara hii nimeona niwaletee maisha ya mtu ambaye sifa yake haikutokana na mkuki wala kiti cha enzi. Sifa yake ilitokana na kutembea, kutazama na kukumbuka. Mtu huyo ni Ibn Battuta.

Ukimtaja Ibn Battuta darasani, kila mtu hujibu upesi upesi kwamba alikuwa msafiri aliyezuru Pwani ya Afrika Mashariki zamani, halafu mambo yanaishia hapo. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Nilijua mstari mmoja tu wa kujibia mtihani. Kumbe nyuma ya mstari ule kuna kijana aliyelia kwa upweke, akaugua homa njiani, na ambaye, jamani, aliogopa sana kupanda chombo cha baharini! Hebu tufuatane naye.

Ibn Battuta alizaliwa mwaka wa 1304 katika mji wa Tangier, nchini Moroko, kule kaskazini kabisa mwa Afrika. Ukoo wao ulikuwa wa Waberiberi, na ulikuwa ukoo wa makadhi, yaani waamuzi wa sheria ya Kiislamu. Naye alisomeshwa sheria hiyo hiyo. Mwezi wa Juni mwaka wa 1325, akiwa na umri wa miaka 21, alifunga safari kwenda kuhiji Makka. Miaka 21 si mingi. Wapo ndugu zetu wa umri huo ambao bado wanaomba nauli ya kwenda Kisii mjini.

Siku hiyo baba na mama yake walikuwa hai wote wawili. Aliondoka peke yake, bila rafiki wala msafara, na kuagana na wazazi kulimuuma yeye na kukawauma wao. Nawaomba mkumbuke jambo hili la kuagana kwa sababu tutalirudia mwishoni.

Njiani homa ikamshika. Alidhoofika hata akajifunga kwenye tandiko la mnyama wake kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke. Alipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wasafiri. Huyu anasalimiwa na ndugu, yule anakumbatiwa na rafiki, lakini yeye hakuna aliyemjua. Basi kijana wa watu akaangua kilio. Msafiri mmoja alimwona, akamsogelea, akamsalimu na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Ukweli ni kwamba msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zile aliokolewa na salamu tu. Tusidharau salamu.

Alifika Makka mwaka wa 1326, akahiji. Kisha akazunguka Iraki na Uajemi, akarudi Makka na kukaa huko kwa muda. Kufikia hapo safari zake zote zilikuwa za nchi kavu. Aliposhuka bandari ya Jidda ili avuke Bahari ya Shamu, mtu mmoja mkubwa alimkaribisha apande chombo chake. Ibn Battuta akachungulia ndani, akaona ngamia wamepakiwa humo. Moyo ukamdunda. Alikuwa hajawahi kusafiri baharini maishani mwake, na chombo chenye ngamia kikiyumba je? Alikataa katakata, akatafuta chombo kingine. Hata hicho kingine upepo ulikisukuma nje ya njia yake, abiria wakatapika, na mwishowe wakatupwa upande wa pili, pwani ya Afrika. Ndivyo alivyoanza ubaharia. Kama angekata tamaa siku hiyo, leo Mombasa na Kilwa za wakati ule tungezijua nusu nusu tu.

Kutoka Yemen alipanda chombo bandarini Aden, akaja upande wetu. Vitabu vingi huitaja safari hii kuwa ya mwaka wa 1331. Kabla ya kuendelea ni lazima nieleze habari za pepo, kwa maana sisi wa milimani upepo kwetu ni wa kuangusha migomba tu. Pwani kuna pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, tangu mwezi wa Desemba hivi mpaka Machi, nayo husukuma vyombo kutoka Arabuni kuja Afrika. Kusi huvuma kutoka kusini, tangu Aprili hivi mpaka Septemba, nayo huvirudisha. Nahodha wa zamani hakuwa na injini. Alikuwa na tanga, nyota na kalenda ya pepo hizo. Ukichelewa kusi, utakaa ugenini mwaka mzima ukiukodolea macho mlingoti.

Vyombo vyenyewe vilikuwa vya ajabu. Mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Ibn Battuta mwenyewe alieleza sababu. Bahari hiyo ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini cha kushonwa hulegea kidogo kikapona. Fundi wa siku hizo hakusoma fizikia, lakini alijua kuwa kigumu sicho imara siku zote.

Baada ya siku 4 walifika Zeila, kwenye pwani ya Wasomali. Mji ulikuwa mkubwa na soko lake kubwa, lakini ulinuka samaki, na damu ya ngamia waliochinjwa njiani. Harufu hiyo ilimshinda. Usiku ule bahari ilikuwa imechafuka, hata hivyo yeye aliona heri alale chomboni kuliko mjini. Hebu fikirini! Yule yule aliyekuwa akiogopa chombo sasa anakikimbilia kama kitanda chake. Mazoea yana taabu, na pia yana msaada.

Wakasafiri siku 15, wakafika Mogadishu. Huko palikuwa na desturi yenye busara ya biashara. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa vidau, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani hiyo na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji huyo, na huyo ndiye humuuzia na kumnunulia mali. Kijana mmoja alimwendea Ibn Battuta, wenzake wakamwambia kwamba huyo si mfanyabiashara, ni mwanasheria. Habari zikapelekwa kwa kadhi wa mji, naye akaja mwenyewe na wanafunzi wake kumlaki, akampeleka kwanza kumwamkia Sultani, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa desturi kwa mgeni mwenye elimu.

Sasa sikilizeni chakula alichoandaliwa. Wali wa samli, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na sahani nyingine ya maziwa ya mgando, ndimu za kutiwa chumvi, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Nilipofika kwenye zile ndizi nilisimama kusoma nikacheka. Ndizi mbichi za kupika! Hizo si ndizo zetu, amatoke, ambazo mama zetu hupika Kenyenya nzima? Kabla hatujafika hapo nilidhani huyu mzee anasimulia mambo ya ulimwengu mwingine kabisa. Kumbe miaka karibu 700 iliyopita alikaa mkekani, akala chakula ambacho mimi nimekila jana jioni.

Kutoka Mogadishu walitweka tanga wakaelekea kusini, wakafika kisiwa cha Mombasa. Hapo alilala usiku mmoja tu, lakini macho yake hayakulala. Aliona ndizi, ndimu na balungi. Aliona tunda dogo lenye kokwa, linalofanana na zeituni lakini tamu sana, ambalo wengi huamini ni zambarau. Aligundua kuwa watu wa kisiwani hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka pwani nyingine, na chakula chao kikuu kilikuwa ndizi na samaki. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ufundi. Kila mlangoni pa msikiti palikuwa na kisima kifupi, na maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Mtu aliosha miguu kabla ya kuingia, akaipangusa kwenye mkeka mzito uliowekwa pale, kwa sababu watu wote walitembea miguu mitupu. Aliwasifu kuwa ni watu wa dini, waaminifu na wema. Usiku mmoja tu, naye aliona yote hayo! Sisi tunapita njia ile ile ya shule kila siku, na tukiulizwa kuna miti gani kando ya barabara tunaduwaa.

Kisha wakateremka hadi Kilwa, ambayo sasa iko Tanzania. Hapa ndipo palipomvutia zaidi. Aliuhesabu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, wenye mvua nyingi na majengo mazuri. Alisikia kwa mfanyabiashara mmoja habari za Sofala, mwendo wa nusu mwezi kusini, mahali ambapo dhahabu ya bara ilishushwa pwani. Dhahabu hiyo ndiyo iliyoitajirisha Kilwa.

Sultani wa Kilwa aliitwa al-Hasan ibn Sulaiman, na watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, maana yake mtu wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Alikuwa mnyenyekevu, akikaa na maskini na kula pamoja nao. Ijumaa moja, alipokuwa akitoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani hakukasirika. Alirudi ndani, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Watu wakastaajabu. Mwana wa Sultani akazichukua tena zile nguo na kumpa yule mtu watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa, alirithiwa na ndugu yake Daud, ambaye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija aliambiwa kuwa mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutoa.

Wasomaji wapenzi, kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ukarimu, na kwa kweli kuvua nguo ukampa maskini ni ukarimu. Lakini mimi nilipokisoma mara ya pili nilikwama kwenye ile hesabu ya 10 na 10. Watu 20 walitolewa kama zawadi pamoja na pembe za ndovu! Ibn Battuta mwenyewe ametaja kwamba Sultani huyo alikuwa akienda kuvamia nchi za watu weusi wa bara na kurudi na nyara. Basi wale 20 walikuwa na kwao, na wazazi waliowangoja. Msimulizi hakutuambia jina la hata mmoja wao, kwa sababu katika zama zake jambo hilo halikumshangaza mtu. Nadhani tunaweza kumheshimu Ibn Battuta na bado tukamwuliza swali hilo. Macho yake yaliona mkeka wa kupangusia miguu, lakini huzuni ya watu wale hayakuiona, au aliiona akainyamazia.

Jambo jingine ni lile la mbao. Yeye alisimulia kuwa Kilwa ilijengwa kwa miti. Lakini ukienda Kilwa Kisiwani utakuta magofu ya mawe, ukiwemo msikiti mkubwa na jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pembe nane, ambalo linahusishwa na Sultani huyo huyo. Magofu hayo yalichimbwa na kuchunguzwa katika miaka ya 1960, na mwaka wa 1981 yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Je, alitudanganya? Mimi naona tusikimbilie neno hilo. Habari hizi zilikuja kuandikwa miaka 24 baada ya ziara yenyewe, na nyumba za watu wa kawaida huenda zilikuwa za miti kweli. Kumbukumbu ni kama chombo cha kushonwa, huvuja kidogo lakini hufika.

Kusi ilipoanza kuvuma, walitweka tanga wakarudi kaskazini mpaka Dhofar, kule Arabuni. Tangu hapo Ibn Battuta hakuishika pwani yetu tena. Mwaka wa 1333 aliingia India, na Sultani wa Delhi akamfanya kadhi. Baada ya miaka kadhaa Sultani alimtuma Uchina na zawadi nyingi. Huko Calicut, pwani ya India, vyombo vilikuwa vimekwisha kupakiwa, naye akabaki nchi kavu ili asali Ijumaa kwanza. Dhoruba ikaja. Chombo kilichobeba zawadi za Sultani kikapasuka na watu wakafa maji. Chombo kingine, kilichokuwa na mali yake yote, kikatweka tanga na kwenda zake bila yeye. Akabaki ufukweni na dinari 10 na zulia alilolalia. Mtu mwingine angeapa asikanyage chombo tena. Yeye alikwenda visiwa vya Maldivi, akawa kadhi huko, akapita Sri Lanka, na mwishowe akasimulia kuwa alifika hadi Uchina.

Sasa turudi kwenye lile la kuagana. Mwaka wa 1348 alifika Damaski akielekea kwao. Hapo alikutana na mtu wa nchi yake, naye akampasha habari kwamba baba yake alikuwa amekufa miaka 15 iliyopita. Miaka yote hiyo alikuwa akimfikiria yu hai. Mwaka huo tauni kubwa ilikuwa ikifyeka watu kila mji aliopita. Akafuliza mwendo. Mwaka wa 1349, alipokuwa amekwisha kuingia Moroko, akapata habari kwamba mama yake naye ameuawa na tauni hiyo. Miaka 24 ya safari, na alichelewa kwa miezi tu! Alikwenda Tangier akazuru kaburi la mama.

Sisi wa shule ya kutwa hulalamika sana. Tunatembea asubuhi kwenye umande, tunatembea jioni kwenye mvua, tunawaonea wivu wale wa bweni. Lakini kila jioni tunamkuta mama jikoni. Tangu nisome habari hii silalamiki tena kama zamani.

Bado hakutulia. Alikwenda Andalusia, halafu mwaka wa 1352 akavuka jangwa la Sahara mpaka milki ya Mali. Aliporudi mwaka wa 1354, Sultani Abu Inan wa Moroko aliamuru habari zake ziandikwe. Yeye alisimulia, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaandika, wakamaliza mwaka wa 1355. Inakadiriwa kuwa alikuwa amesafiri kilomita zipatazo 120,000. Baada ya hapo alikuwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, akafariki mwaka wa 1368 au 1369.

Mnadhani watu wa kwao walimshangilia? Wengi walinong'ona kuwa ni mwongo. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyeishi zama hizo, ameeleza kwamba yeye pia alishuku. Ndipo waziri mmoja akamwonya kwa kisa cha mtoto aliyelelewa gerezani pamoja na baba yake. Mtoto huyo hakuwahi kuona mnyama ila panya. Baba akimweleza habari za kondoo au ng'ombe, yeye aliuliza kama ni namna ya panya. Maana ya kisa ni kwamba tusikatae jambo kwa sababu tu hatujaliona.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hatujaiona bahari. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700, na maji makubwa tuyajuayo ni mto Gucha ukifurika. Tukisikia habari za tanga na nanga tunaweza kuuliza kama bahari ni namna ya Gucha. Tusiwe kama yule mtoto wa gerezani. Tusome, tuulize, na siku nauli ikipatikana, tuende tukaone wenyewe.

Lakini pia tukumbuke methali ya mabaharia, kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni mle ndani chini ambamo maji hujikusanya na lazima mtu arudi kuyafua. Ibn Battuta alikwenda tezi na omo za dunia nzima, akarejea akakuta kaburi. Sisi tukienda mbali, na Mungu akipenda tutakwenda, tusingoje miaka 24. Tuwaandikie wazazi barua, na turudi mapema, kabla migomba waliyotupandia haijaanguka.